Tom Mboya: Mwana wa Ziwani na Suala la Nani Aieleze Afrika

Mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa miongo mingi ngoma ya elimu kuhusu Afrika iliwambwa London na Oxford, na baadaye katika vyuo vikuu vya Marekani, huku Mwafrika mwenyewe akiwa ndiyo ngozi inayowambwa. Wakati huu ambapo taaluma za maeneo na tamaduni zinadurusiwa upya kutokana na utandawazi, maisha ya Thomas Joseph Mboya yanastahili kuangaliwa tena. Yeye hakuwa mhadhiri wa chuo chochote. Hata hivyo, alilikabili suala hilo mapema, akiwa mkaazi wa mtaa wa Ziwani, Nairobi.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la katani la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa Mluo wa kisiwa cha Rusinga aliyefanya kazi ya unyapara shambani humo. Vibarua wa shamba hilo walitoka katika makabila mbalimbali, na mtoto akakua miongoni mwa lugha nyingi. Masomo yake nayo hayakufuata mpaka wa kabila: alianza Kabaa huko Ukambani, akaenda Yala, kisha Mang'u. Karo ilipokosekana, aliacha shule, na mwaka 1948 akajiunga na mafunzo ya bwana afya huko Kabete.

Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi. Hapo alipata funzo ambalo hakulisahau. Siku moja mwanamke wa Kizungu aliingia katika maabara alimokuwa akifanyia kazi peke yake, akamtazama, kisha akauliza kama mlikuwa na mtu yeyote humo. Kwa macho ya mwanamke huyo, Mwafrika aliyesimama mbele yake hakuwa mtu. Isitoshe, mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa Mzungu aliyefanya kazi iyo hiyo. Ni katika hali hiyo alipowaunganisha wafanyakazi wa baraza, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini.

Mazingira ya mitaa ya Eastlands yalimsaidia pakubwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeichora Kenya kwa ramani ya makabila: kila kabila na wilaya yake, mila zake na mtaalamu wake wa Kizungu wa kuzieleza. Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati na Ziwani hazikuingia katika ramani hiyo. Humo wafanyakazi wa reli, makarani, mafundi na wachuuzi waliishi ukuta kwa ukuta, na Kiswahili kikawa lugha ya bombani, kiwandani na mkutanoni. Watawala waliwachukulia kuwa wageni wa muda mjini, ambao kwao halisi kulikuwa mashambani. Mboya aliwachukulia kuwa umma wenye madai yake.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka uliofuata, na Aprili 1954 maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walisombwa Nairobi na kupelekwa vizuizini. Vyama vya wafanyakazi vikabaki kuwa mojawapo ya sauti chache halali za Mwafrika. Mwaka 1955 Mboya alisuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa, kisha akaenda kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford.

Kuwepo kwake Oxford kuna maana ya pekee. Huko alikuwapo Margery Perham, mmoja wa wasomi waliotegemewa mno na Waingereza katika mambo ya Afrika. Mwaka 1956 Mboya alichapisha kijitabu kuhusu suala la Kenya na kukiita jibu la Mwafrika. Perham ndiye aliyekiandikia utangulizi. Kwa mara hii aliyezoea kuelezwa ndiye aliyeeleza. Lakini hata hapo, sauti yake ilimfikia msomaji wa Uingereza kwa kupitia mlango wa mtaalamu.

Aliporejea, alichaguliwa Machi 1957 kuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza waliopigiwa kura kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Kwa kuwa vyama vya kitaifa vya Waafrika vilikatazwa, aliunda chama cha Nairobi, People's Convention Party, kilichojijenga mtaa kwa mtaa. Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima mjini Accra. Mwaka 1961 alishinda kiti cha Nairobi Mashariki kwa kura nyingi mno, ingawa wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu na mpinzani wake, Munyua Waiyaki, pia alikuwa Mkikuyu.

Tendo lake kubwa katika elimu lilikuwa safari za wanafunzi. Nafasi za vyuo Afrika Mashariki zilikuwa haba, nao wakoloni walizidharau shahada za Marekani. Akishirikiana na Gikonyo Kiano na marafiki wa Kimarekani, Mboya alichangisha fedha, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ikawabeba wanafunzi 81. Kufikia 1963 karibu vijana 800 walikuwa wamesafirishwa. Wangari Maathai alikwenda mwaka 1960.

Ikumbukwe kwamba mwaka 1958 Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kugharimia masomo ya lugha na maeneo ya kigeni, Kiswahili kikiwemo, kwa ajili ya usalama wake. Basi taifa hilo lilikuwa likijifunza Afrika wakati uo huo lilipokuwa likiwafunza Waafrika. Wapinzani wa Mboya walimlaumu kuwa kibaraka wa Marekani, na ni kweli kwamba fedha za huko zilisaidia vyama vyake. Hata hivyo, elimu haikuwafunga midomo walioipata.

Mfano mmoja watosha. Mwaka 1965, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi, Mboya aliongoza utayarishaji wa Waraka Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Waraka ulidai kuchota katika mila za Kiafrika, bali ulielekeza fedha za umma kwenye sehemu zenye ardhi nzuri na mvua ili zizae haraka. Mwezi Julai mwaka uo huo, Barack Obama, mchumi aliyesoma Hawaii na Harvard na aliyekuwa rafiki wa Mboya, aliukosoa hadharani katika jarida la East Africa Journal. Aliyeitetea haki ya Mwafrika kujieleza sasa alihojiwa na Mwafrika mwenziwe: je, mila hizo ni za nani, na zinatajwa kwa faida ya nani?

Tarehe 5 Julai 1969 Mboya alipigwa risasi katika barabara ambayo sasa ni Moi Avenue. Aliyepatikana na hatia alihukumiwa kifo, lakini swali la nani alimtuma halikujibiwa. Ghasia zilizofuata ziliirudisha Kenya katika ramani ileile ya makabila ambayo maisha yake yote yalikuwa yameikanusha. Mtu aliyechaguliwa na mitaa ya makabila yote aliliwa kama Mluo.

Hapo ndipo uzito wa maisha yake ulipo. Miezi minane hivi kabla ya kifo hicho, mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wametaka Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kuiweka Afrika kitovuni mwa masomo ya fasihi. Dai hilo lilikuwa la haki. Lakini Mboya anafundisha kwamba kuhamisha kitovu hakutoshi. Ngoma ikishawambwa nyumbani, yafaa kuuliza pia ni nani nyumbani humo anayevutia kwake, na kama mkaazi wa Ziwani anaulizwa lolote. Wakaazi wa Eastlands huivuka barabara yenye jina la Mboya waingiapo katikati ya jiji. Taaluma inayotaka kuzaliwa upya ingefanya vyema kuivuka pia, ikielekea upande wa mitaani.