Charles Loring Brace: Mchungaji aliyewapandisha treni watoto wa mitaani kuwatafutia familia

Katika vijiji vyetu mtoto akifiwa na wazazi, kikao cha ukoo hukaa na kuamua nani atamchukua. Lakini mtoto asiye na ukoo wa kumkalia kikao, aliyeko mjini peke yake, nani amchukue? Na akishachukuliwa, nani atakwenda kuangalia anaishije huko?

Swali la kwanza lilimsumbua maisha yake yote Mmarekani mmoja aitwaye Charles Loring Brace. Alilijibu kwa namna ambayo dunia bado inaitumia. La pili hakulijibu vizuri, na watoto wengi waliumia kwa sababu hiyo. Leo tunaangalia maisha yake na yale ambayo huduma za ustawi wa watoto zilijifunza kwake.

Kijana wa nyumba ya walimu

Brace alizaliwa Juni 19, 1826 katika mji mdogo wa Litchfield, jimbo la Connecticut, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya wasichana. Mama yake alifariki Charles akiwa na miaka 14 hivi, na baba ndiye aliyeendelea kumlea na kumfundisha.

Alisoma Chuo Kikuu cha Yale, akamaliza mwaka 1846, kisha akasomea uchungaji. Mwaka 1850 alisafiri Ulaya na rafiki yake Frederick Law Olmsted, ambaye baadaye alipata sifa kwa kubuni bustani kubwa ya Central Park mjini New York. Alipofika Hungary mwaka 1851, watawala wa Austria walimshuku kwamba anashirikiana na wanamapinduzi, wakamfunga kwa takribani mwezi mmoja. Wanaoandika maisha yake husema kifungo kile kilimfanya awe na huruma zaidi kwa watu walioko gerezani na walioachwa pembeni.

Aliporudi New York hakutaka kanisa la watu wenye nafasi. Alikwenda kuhudumu Five Points, mtaa maarufu kwa umaskini, na katika kisiwa kulikokuwa na gereza na hospitali za watu maskini. Huko alikutana na watoto.

New York ya wakati ule

Mji ulikuwa umefurika. Njaa ya viazi ilikuwa imewakimbiza Waireland kwa maelfu, na Wajerumani nao walikuwa wakiingia kwa meli kila juma. Wengi walishuka bandarini bila fedha na bila ndugu. Baba akifa kwa ajali kazini au mama kwa kipindupindu, watoto walibaki barabarani. Waliuza magazeti na viberiti, waliokota makaa ya mawe na vitambaa, walilala kwenye ngazi za nyumba na ndani ya mapipa.

Mwaka 1849 mkuu wa polisi wa mji alitoa taarifa kwamba watoto wapatao 3,000 walikuwa wakizurura. Serikali ilikuwa na majibu mawili tu: jela pamoja na watu wazima, au majumba makubwa ya kulelea ambako mamia ya watoto waliishi kwa kengele na foleni.

Brace aliyapinga yote mawili. Aliona jumba kubwa linamfundisha mtoto kutii amri, lakini halimfundishi kujitegemea wala kupenda na kupendwa. Kwa imani yake, mahali pa mtoto ni ndani ya familia. Mwaka 1853, akiwa na miaka 26, alishirikiana na wenzake kuanzisha Children's Aid Society, yaani Shirika la Kusaidia Watoto, akawa katibu wake mkuu hadi kufa kwake.

Shirika lilianza na mambo ya karibu: shule za ufundi kwa watoto wasioweza kusoma shule za kawaida, na mwaka 1854 nyumba ya kulala wauza magazeti. Mtoto alilipa senti 6 kwa kitanda. Brace alitaka walipe hata kidogo, wasijione ombaomba.

Safari ya kwanza

Mwaka huohuo alianza mpango uliompa jina. Magharibi ya Marekani ilikuwa ikifunguliwa kwa kilimo, na wakulima walilia kukosa nguvu kazi. Mjini kulikuwa na watoto bila nyumba, mashambani kulikuwa na nyumba zenye chakula. Brace akaona reli itawaunganisha.

Septemba 1854 kundi la watoto wapatao 46 liliondoka New York na msimamizi mmoja, kwa meli na kwa treni, hadi mji mdogo wa Dowagiac, jimbo la Michigan. Walifika alfajiri ya Jumapili. Msimamizi akaenda kanisani, akawaeleza waumini habari za watoto. Siku chache baadaye 37 walikuwa wamechukuliwa na familia. Waliobaki walipelekwa mbele zaidi.

Shirika lilihesabu safari ile kuwa mafanikio, na mfano wake ukarudiwa kwa miaka 75. Mashirika mengine yaliiga, yakiwemo ya Kikatoliki. Hadi mwaka 1929 safari zilipokoma, inakadiriwa watoto wapatao 200,000 au zaidi walikuwa wamesafirishwa. Baadaye treni hizo zilikuja kuitwa treni za yatima, ingawa watoto wengi hawakuwa yatima. Wengi walikuwa na mama au baba aliye hai, aliyeshindwa kuwalisha.

Utaratibu ulivyokwenda

Kabla ya treni kufika, matangazo yalibandikwa mjini. Kamati ya watu wanaoheshimika, kama mchungaji, daktari, mwenye duka na mhariri wa gazeti, ilichaguliwa kuwachuja waombaji. Watoto walioshwa, wakavalishwa nguo mpya, wakapandishwa jukwaani kanisani au ukumbini. Watu wakawatazama na kuchagua.

Masharti yalikuwa mepesi. Familia iliahidi kumlisha mtoto, kumvisha, kumpeleka shule na kumtendea kama wao. Hakukuwa na mkataba wa kumfunga mtoto kazini, na hilo lilikuwa jema, maana zamani watoto maskini walifungwa kwa mikataba hadi wakue. Shirika lilibaki na haki ya kumwondoa mtoto akiteswa, na mtoto mkubwa aliweza kuondoka akitaka.

Lakini jukwaani pale, mkulima mmoja alitafuta mtoto, mwingine alitafuta kibarua asiyelipwa. Wapo waliowashika wavulana misuli ya mikono kabla ya kuamua. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa, mmoja akashuka kituo hiki na mwenzake kituo kingine. Na kamati ya mji ilikuwa ya majirani. Ni nani mwenye duka angemwambia mteja wake mbele ya watu kwamba hafai kulea?

Msimamizi alipoondoka, ufuatiliaji ulitegemea barua na ziara chache. Wasimamizi walikuwa wachache na mashamba yalitawanyika mamia ya kilomita. Mtoto aliyekuwa akipigwa hakuwa na mtu wa kumwambia, na barua yenyewe ilipitia mkononi mwa mlezi.

Takwimu zilisema nini?

Hapa ndipo penye somo kubwa. Kila mwaka Brace alitoa ripoti kwa wafadhili. Alionyesha idadi ya watoto waliopelekwa, gharama kwa kila mtoto, na barua za walioinukia vizuri. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu watu maskini wa New York, alionyesha pia kwamba idadi ya waliokamatwa kwa uzururaji imepungua sana.

Lakini takwimu za waliokamatwa zinaweza kushuka kwa sababu nyingi, kazi zikiongezeka au polisi wakibadili utaratibu. Idadi ya waliopanda treni inaonyesha kazi ya shirika, haionyeshi maisha ya mtoto. Na barua humfikia msomaji kutoka kwa yule aliyefanikiwa. Aliyetoroka usiku haandiki.

Wakosoaji waliliona hilo. Wakatoliki walilalamika kwamba watoto wao wanapelekwa kwenye nyumba za Kiprotestanti na kupoteza dini ya wazazi wao. Viongozi wa majimbo ya magharibi walidai New York inawatupia wahalifu wake.

Mwaka 1884 Hastings Hart, ofisa wa bodi ya huduma za jamii ya jimbo la Minnesota, aliamua kuchunguza badala ya kubishana. Alifuatilia habari za watoto 340 waliokuwa wameletwa jimboni kwake kwa takribani miaka mitatu, kisha akawasilisha matokeo kwenye mkutano wa kitaifa.

Hart alikuta kwamba madai ya wahalifu yalikuwa yametiwa chumvi, kwani ni wachache tu walioingia kwenye matatizo na sheria. Watoto waliokuja wakiwa wadogo wengi walikuwa wanaendelea vizuri. Ila wavulana wakubwa wengi walikuwa wameshaondoka walikopelekwa. Alikuta pia watoto walikabidhiwa haraka mno, nyumba hazikuchunguzwa vya kutosha, na ufuatiliaji baadaye ulikuwa hafifu. Kwa maneno mengine, wazo la familia lilikuwa sahihi, na utekelezaji ulikuwa na matundu.

Kifo chake na yaliyofuata

Brace hakuliacha wazo lake. Alifariki Agosti 11, 1890 nchini Uswisi alikokwenda kutafuta nafuu ya ugonjwa, akiwa na miaka 64. Mwanawe aliyeitwa jina lilelile ndiye aliyeshika uongozi wa shirika.

Miongoni mwa watoto wa treni zake, wawili waliosafiri pamoja kwenda Indiana mwaka 1859 walikuja kuwa magavana: Andrew Burke wa North Dakota na John Brady wa Alaska. Upande wa pili wapo waliotoroka, waliofanyishwa kazi kama punda, na waliokufa bila kujua mama yao aliishia wapi. Mpaka leo wajukuu wao hutafuta kumbukumbu, na mjini Concordia, jimbo la Kansas, kuna makumbusho ya watoto hao.

Mwaka 1899 majimbo ya Indiana, Illinois na Minnesota yaliweka sheria za kudhibiti uletaji wa watoto kutoka nje ya majimbo yao. Taratibu huduma zilibadilika: nyumba ikaguliwe kwanza, mtoto atembelewe, historia yake iandikwe, na mama maskini asaidiwe ili asilazimike kumtoa mtoto. Mwaka 1924 Sophie van Senden Theis alichapisha utafiti juu ya watoto 910 wa shirika jingine la New York waliolelewa na familia na kutimiza miaka 18. Aliuliza wameishia wapi na wanaishije. Ilikuwa miaka 70 tangu treni ya kwanza.

Kwetu sisi

Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo, yaani mtoto kuishi na familia isiyo yake chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii. Anayetaka kumlea mtoto kwa njia hiyo huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake. Wengine huona ukaguzi wa nyumba na ziara za afisa kama kusumbuliwa au kutoaminiwa. Watoto wa Dowagiac na wenzao ndio wanaotuonyesha kwa nini ziara ile ipo.

Hata pale ambapo sheria haijaingia, mtoto akichukuliwa na shangazi au akipelekwa mjini kwa mtu wa mbali, ukoo unaweza kujiuliza maswali yaleyale. Nani ameiona nyumba anayokwenda? Ndugu zake watakuwa wapi? Nani atakwenda kumwona baada ya miezi mitatu, na kuzungumza naye akiwa peke yake? Nani ataandika majina ya wazazi wake na kijiji alikotoka, ili akikua aweze kurudi?

Brace aliwatafutia watoto nyumba kwa bidii kuliko mtu yeyote wa zama zake. Kilichopungua ni mtu wa kurudi kubisha hodi kwenye nyumba hizo.