Schiaparelli na Mifereji Isiyokuwapo

Giovanni Schiaparelli alizaliwa Savigliano, Italia, mwaka 1835. Alisomea uhandisi, kisha akageukia elimu ya falaki, na mwaka 1862 akawa mkurugenzi wa kituo cha Brera, Milan. Ndiye aliyeonyesha kwamba vimondo vya kila Agosti ni masalio ya nyota yenye mkia. Hata hivyo, wengi humkumbuka kwa neno moja.

Mwaka 1877 alichora mistari aliyoiona kwenye Mirihi, akaiita “canali”. Kwa Kiitaliano, neno hilo ni mkondo wa asili na pia ni mfereji wa kuchimbwa. Magazeti ya Kiingereza yalishika maana ya pili. Na penye mfereji hapakosi mchimbaji. Tajiri Mmarekani, Percival Lowell, alijenga kituo Arizona mwaka 1894, akaeneza habari za viumbe werevu. Schiaparelli alifariki mwaka 1910. Picha za chombo Mariner 4, mwaka 1965, hazikuonyesha mfereji wowote: macho yalikuwa yamedanganyika.

Je, tumejifunza? Tangu mwaka 2003, uvumi hurudi kila Agosti kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi. Mkazi wa Molo anayekesha nje kwenye baridi ataona nukta nyekundu tu, na kesho hatamwamini hata msema kweli. Mhariri hana budi kumuuliza mjuzi kabla ya kuchapisha. La sivyo, watazamaji wa nyota wasiolipwa watashinda wakifuta makosa badala ya kufundisha.