Bibi Dekha Ibrahim Abdi, Mlinzi wa Ujirani

Mji haulindwi kwa kuta na makufuli peke yake. Mji hulindwa na jirani amjuaye jirani yake na kumwonea uchungu. Dini yetu imeyakaririsha mno mambo ya haki ya jirani, walakini wengi wetu twayasikia msikitini na kuyaacha mlangoni. Miongoni mwa Waislamu wa Kenya walioyadhihirisha kwa vitendo ni marehemu Bibi Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, Mwenyezi Mungu amrehemu. Twaandika habari zake ili vijana wetu, wa kiume na wa kike, wapate mazingatio.

Alizaliwa Wajir mwaka 1964, zama za vita vya shifta, na akakulia katika nchi iliyotawaliwa kwa sheria za hatari kwa miaka karibu thelathini. Mara sheria hizo zilipoondolewa, ukame ulikuwa umekwisha kuangamiza mifugo, na bunduki zilikuwa zikimiminika kutoka Somalia, ambako serikali ilianguka mwaka 1991. Hapo koo za Wajir, zote za Kiislamu, zenye kibla kimoja, zikauana kwa ajili ya malisho, visima na siasa. Usiku mmoja risasi zikilia, Bibi Dekha alijificha chini ya kitanda pamoja na bintiye. Kulipokucha mama yake akamhadithia kwamba yeye naye, miaka mingi nyuma, alijificha hivyo hivyo na Dekha akiwa mtoto. Akatambua kwamba khofu ile imekuwa urithi, na asipoukata yeye, bintiye naye ataurithi.

Hakungoja serikali, wala hakwenda kutafuta wakubwa kwanza. Alianza na wanawake wenziwe, na mahali walipoanzia ni sokoni. Uadui ulifika hadi mwanamke wa ukoo huu akakataa kumuuzia mwanamke wa ukoo ule. Bibi Dekha na wenziwe wakakusanya wanawake wa koo zote, wakapatana kwamba soko ni la kila mtu, kisha wakaweka wanawake wa kulitazama soko siku kwa siku. Penye ugomvi, walikwenda wakautuliza ungali mdogo. Soko likawa shwari, na mji ukaona kwamba amani yawezekana.

Kisha wakawaendea wazee. Wazee wa koo ndogo, zisizokuwa katika ugomvi, wakawa wapatanishi baina ya koo kubwa, na mwaka 1993 likatoka Azimio la Al-Fatah, lililoweka masharti ya kurejesha amani. Vijana nao wakaingizwa. Mwaka 1995 juhudi zote hizi zikaunganishwa na kazi ya serikali katika kamati moja ya amani na maendeleo ya wilaya. Khabari ya ng'ombe walioibwa au mtu aliyeuawa ilipofika, watu wa koo mbalimbali walitoka pamoja kwenda kuuzima moto kabla ya kisasi.

Mfano huo ulifuatwa katika wilaya nyingine za wafugaji, Turkana ikiwamo, ambako watu, tangu Kataboi iliyo kando ya ziwa hadi Lodwar na Kakuma, waijua vyema hasara ya uvamizi wa mifugo. Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, Bibi Dekha alikuwa miongoni mwa waliokutana Nairobi kila siku kutafuta suluhu. Mwaka huo huo wa 2007 alitunukiwa huko Sweden tuzo ya heshima iitwayo Right Livelihood.

Siku zake za mwisho alikaa Mombasa. Julai 2011 alipata ajali ya gari katika njia ya Garissa. Mumewe akafa, naye akafariki siku chache baadaye, tarehe 14.

Ewe ndugu msomaji, jiulize: mwizi akiingia nyumba ya pili usiku, nani katika mtaa wako atatoka? Je, wamjua kwa jina huyo wa mlango wa tatu, asiyekuwa wa kabila lako? Watu wa Wajir walikuwa wameuana, na wakaweza kukaa kikao kimoja. Sisi ambao hatujauana tuna udhuru gani? Imamu, mama wa sokoni na kijana wa barazani wakutane leo, kabla ya msiba kuwakutanisha. Mwenyezi Mungu atupe taufiki. Amin.