Theodore Roosevelt: Kamishna aliyepinga biashara ya vyeo katika Polisi ya New York

Theodore Roosevelt anafahamika zaidi kama Rais wa 26 wa Marekani na, kwa Afrika Mashariki, kama mwindaji aliyeshuka Mombasa mwezi Aprili 1909. Hata hivyo, ni katika Bodi ya Polisi ya jiji la New York, kati ya 1895 na 1897, ambapo msimamo wake kuhusu upandishaji vyeo kwa sifa ulipata mtihani mgumu.

Alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858 na kuhitimu Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1880. Mwaka 1883, akiwa mjumbe kijana wa Bunge la Jimbo, aliunga mkono sheria iliyolifanya New York kuwa jimbo la kwanza nchini humo kuweka mfumo wa ajira serikalini unaozingatia sifa. Kuanzia 1889 alitumikia Tume ya Utumishi wa Umma ya Marekani, ambako alisimamia mitihani ya ajira na kupinga kazi za fadhila za vyama vya siasa.

Polisi aliowakuta mwezi Mei 1895 walikuwa wamepoteza imani ya wananchi. Mwaka uliotangulia, kamati ya Seneti ya Jimbo iliyoongozwa na Clarence Lexow ilibaini kuwa vyeo vilikuwa na bei. Kapteni mmoja alikiri kulipa dola 15,000 ili apate cheo chake, kiasi kilichozidi mara kadhaa mshahara wake wa mwaka. Aliyenunua cheo alitafuta namna ya kurudisha fedha zake, na mzigo huo uliwaangukia wafanyabiashara kwa njia ya hongo.

Akiwa Rais wa Bodi, Roosevelt alitembea usiku mitaani kukagua askari waliokuwa zamu. Barua za wanasiasa zilikosa nguvu. Rekodi ya utumishi na ushujaa ndivyo vilivyopewa uzito. Waombaji wa kazi walipimwa afya na kufanya mitihani, na askari wakaanza kufundishwa kulenga shabaha.

Kikwazo kikubwa kilitokana na sheria yenyewe. Bodi iliundwa na makamishna wanne kutoka vyama viwili, na mamlaka ya kupandisha vyeo yaligawanywa kati yao na Mkuu wa Polisi. Kamishna Andrew Parker, akishirikiana na Mkuu huyo, Peter Conlin, aliweza kuzuia uteuzi ambao wenzake waliukubali. Mwaka 1896 maafisa waliostahili walisubiri vyeo huku mvutano ukiendelea, na jitihada za Meya kumwondoa Parker hazikufanikiwa.

Roosevelt aliondoka mwezi Aprili 1897 kwenda Wizara ya Jeshi la Wanamaji, akiwaacha makamishna katika mgawanyiko huo. Mwaka 1899, akiwa Gavana wa Jimbo la New York, alisaini sheria mpya iliyoimarisha utumishi wa umma unaozingatia sifa. Alifariki dunia tarehe 6 Januari 1919, akiwa na umri wa miaka 60.

Utumishi wake katika polisi unaonesha kuwa uadilifu wa kiongozi pekee hautoshi. Askari hupata haki yake ya cheo pale kanuni zinapotaja bayana sifa zinazotakiwa, mamlaka ya kuidhinisha, na utaratibu wa kufuata wenye mamlaka hayo wanapotofautiana.