THOMSON: KIJANA ALIYEPITA KWETU

Wanachama wenzangu, swala tomi wanaolisha huko ng'ambo ya mto Mbagathi tunawajua sote. Lakini huyo Tomi ni nani? Ni Joseph Thomson, aliyezaliwa Uskoti mwaka wa 1858.

Mwaka wa 1879, akiwa na miaka 21, alikuja Afrika Mashariki kama msaidizi wa Keith Johnston. Mkubwa wake akafariki njiani. Kijana hakurudi nyumbani, bali aliongoza msafara hadi Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika.

Mwaka wa 1883 alitumwa atafute njia ya kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria kupitia nchi ya Wamaasai. Wazungu wengi waliiogopa nchi hii. Thomson aliamini kuwa polepole ndio mwendo, na kwamba subira hushinda bunduki. Lakini Mjerumani Fischer alikuwa ametangulia na kupigana na wenyeji, hivyo Thomson alikuta moto umeshawaka. Ikabidi arudi pwani kuongeza bidhaa.

Safari ya pili alijiunga na Jumbe Kimameta, Mswahili wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyewajua Wamaasai vizuri. Wakapita nyanda za Kapiti hapa kwetu, wakafika Ngong, Naivasha na Baringo. Ili aheshimiwe, Thomson alijifanya laibon: anatoa meno yake ya bandia kisha anayarudisha, au anatia Eno kwenye maji, povu linafoka! Desemba 1883 alifika Ziwa Viktoria. Siku ya mwisho ya mwaka huo nyati alimpiga pembe, wapagazi wakambeba.

Aliaga dunia London mwaka wa 1895, akiwa na miaka 37 tu.

Katika sinema, kijana huingia nyikani peke yake. Thomson hakuwa peke yake, na hii haikuwa nyika tupu. Palikuwa na watu na ng'ombe wao. Njia aliyopita kwa upole ilifuatwa na wengine wasio wapole, na mwaka wa 1904 Wamaasai walianza kuhamishwa kutoka Bonde la Ufa. Jina la Thomson lilipewa hata maporomoko ya Nyahururu. La Kimameta je, nani kati yetu alilijua? Tumsifu kijana kwa ujasiri wake, lakini tuulize pia ni nani aliyemwonyesha njia.