Bibi Christina Mgaya, Mama wa Mwalimu

Mwezi wa Novemba Kanisa latuita tuwakumbuke marehemu wetu, na kila familia hutaja majina ya wazee wake. Juma hili twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu jina moja lisilotajwa mara nyingi, ingawa jina la mwanawe lajulikana dunia nzima. Ni jina la Bibi Christina Mgaya wa Nyang'ombe, mama mzazi wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Bibi Mgaya alizaliwa katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Viktoria, yapata mwaka 1892. Utawala wa Wajerumani ulikuwa bado mchanga. Alipopata umri wa miaka kama 15 aliolewa na Nyerere Burito, ambaye baadaye alikuwa Mtemi wa Wazanaki. Yeye alikuwa mke wa tano, na wake wa mzee huyo walifika 22. Wasomaji wetu wajua vema mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa, lakini haifai kumpima binti yule kwa sheria ambayo hakuwa amehubiriwa. Yafaa zaidi kutazama namna alivyoutimiza wajibu wake pale alipowekwa. Katika boma lile kila mke alikuwa na nyumba yake, na riziki ya watoto ilitegemea sana jembe la mama yao. Bibi Mgaya alijaliwa watoto 8, wa kiume 4 na wa kike 4. Wawili kati yao aliwazika wangali wachanga.

Tarehe 13 Aprili 1922 alizaliwa mwanawe ambaye taifa lingemwita Baba. Mvua ilikuwa ikinyesha, na mtoto akapewa jina la Kambarage, mzimu wa mvua katika imani ya kale ya Wazanaki. Sisi tukaao uwanda huu wa Dodoma, ambao kila mwaka twatazama mbingu tukingojea wingu la kwanza, hatuhitaji kuelezwa furaha iliyomo katika jina kama hilo. Kijana alikua akichunga mbuzi na kumsaidia mama yake shambani. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilometa 40 hivi kwa miguu, na mwaka 1937 akaenda Tabora, mbali zaidi na nyumbani.

Mtemi Burito alifariki mwaka 1942. Utemi ulimwendea Edward Wanzagi, mwana wa mke mwingine, na Bibi Mgaya akabaki mjane mwenye miaka kama 50. Mwaka uliofuata mwanawe aliingia Makerere, na tarehe 23 Desemba 1943 alibatizwa katika misioni ya Nyegina, akaitwa Julius. Tangu mwaka 1949 hata 1952 alikuwa Edinburgh, ng'ambo ya bahari. Naye mama, aliyekulia katika mila za wazee wake, alipokea ubatizo, akaitwa Christina. Hivyo Kanisa la mwana likawa Kanisa la mama pia.

Mwaka 1955 Mwalimu aliacha kazi ya kufundisha Pugu kwa ajili ya siasa, akarudi Butiama bila mshahara. Wakati huo alimsaidia Padre Arthur Wille, wa Shirika la Maryknoll, kujifunza Kizanaki na kutafsiri mafundisho ya dini. Maneno ambayo mtoto aliyasikia kwanza mgongoni mwa mama yake sasa yakawa chombo cha kuwafundishia Wazanaki habari za Mungu.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, mama wa kiongozi wa nchi alikuwa mkulima wa Butiama. Mwaka 1971 Rais Nyerere alikaa Chamwino, hapa kwetu Dodoma, akifyatua matofali pamoja na wanakijiji. Waliostaajabu kumwona Rais akishika udongo wangalikumbuka ni nani aliyemzoeza kazi ya mikono tangu utotoni. Alipong'atuka mwaka 1985 na kurudi Butiama kulima, mama yake alikuwa hai. Aliishi tena miaka 12, akafariki mwaka 1997, umri wake yapata miaka 105. Miaka 55 ya umri huo aliishi mjane. Mwalimu naye alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo, Butiama, palepale alipozaliwa. Jimbo la Musoma lilianzisha mwaka 2005 shughuli za kumtangaza mwenye heri, na leo aitwa Mtumishi wa Mungu.

Twasali kwa ajili ya jambo hilo, na ni vema. Lakini tusisahau kwamba mtu huyo alipata malezi yake ya kwanza katika nyumba ya mama asiyekuwa na cheo, ambaye maisha yake marefu aliyapitisha kwa kazi na uvumilivu.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zimekuja kujenga hapa, na nyuma yao, huko Mara, Kagera, Ruvuma na kwingineko, wamebaki kina mama wazee. Twatuma fedha kwa simu, twadhani tumemaliza. Fedha ni msaada, lakini haimletei mama mzee Komunyo Takatifu, wala haimsikilizi anapotaja majina ya watoto aliowazika. Mwalimu, baada ya kuitawala nchi, alirudi kwao akaishi karibu na mama yake. Nasi basi, sikukuu ya Noeli ikaribiapo, tufunge safari tuwaone wangali hai. Na Bibi Christina Mgaya tumwombee kwa Mungu pumziko la amani.