Guru Dutt: Filamu iliyomvunja moyo
Guru Dutt alizaliwa Julai 9, 1925 mjini Bangalore, kusini mwa India. Mwaka 1959 alitoa Kaagaz Ke Phool, yaani Maua ya Karatasi, filamu ya kwanza ya India ya skrini pana. Inamhusu mwongozaji filamu anayempenda mwigizaji wake, lakini hawawezi kuwa pamoja. Mpiga picha V. K. Murthy alitumia vioo vikubwa kuingiza jua studioni, mwanga ukashuka gizani kama nguzo. Hata hivyo, watazamaji waliikataa. Guru Dutt aliendelea kuigiza, ila hakuweka tena jina lake kama mwongozaji. Alifariki Bombay Oktoba 10, 1964, akiwa na miaka 39. Leo filamu hiyo inahesabiwa miongoni mwa bora za India.